Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Watoto Wetu wa Saudia Ni Wakenya Tayari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Masuala ya Wakenya Ughaibuni,
Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA VYETI NA HATI ZA SAFARI KWA WATOTO WA MAMA WAKENYA WALIOZALIWA SAUDI ARABIA

Nakuandikia kwa niaba yangu na ya jirani zangu wa Likoni walioniomba niwashikie kalamu. Naomba radhi kwa kulileta hadharani jambo ambalo pengine adabu ingetaka niliwasilishe kwa faragha. Nimechagua barua ya wazi kwa kuwa lina wenyewe wengi, na wengi wao wanaona haya kulitaja hata kwa shoga zao. Mmoja wao akiisoma barua hii, ajue hayuko peke yake.

Kwa ruhusa yako nijitambulishe. Mimi ni karani mstaafu wa usajili wa vizazi na vifo hapa Pwani. Kazi ya maisha yangu ilikuwa kuandika watoto wachanga katika daftari la serikali: jina, siku, mahali, mama ni nani, baba ni nani. Kazi hiyo ikakaa nami mpaka leo, na ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema mbele yako. Kila mtoto niliyemwandika alikuwa ameshazaliwa kabla sijashika kalamu, na alikuwa ameshakuwa raia. Kazi yangu ilikuwa kushuhudia. Sikuwahi kumpa mtoto uraia, na hakuna karani wala balozi mwenye uwezo huo.

Mheshimiwa, wewe waijua Katiba yetu ya mwaka 2010 kuliko mimi. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa siku ile aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa nchini au nje ya nchi. Kabla ya hapo, Katiba ya zamani ilimtambua mtoto aliyezaliwa nje pale tu baba yake alipokuwa Mkenya. Binti yetu aliyejifungua ng'ambo kwa mwanamume mgeni hakuwa na uraia wa kumrithisha mwanawe. Wanawake wa nchi hii walihangaika miaka mingi, katika mikutano na mahakamani, mpaka neno "mama" likaingia pale. Tulipopiga kura ya ndiyo, tulilipigia kura na hilo.

Basi mtoto aliyezaliwa Riyadh jana usiku, na mama yake akawa mtu wa Kwale, Kakamega au Murang'a, ni Mkenya tangu jana usiku. Hali ya ukaazi wa mama yake kule haibadilishi lolote. Ikama ya mama, yaani kibali chake cha ukaazi, iwe hai au imekufa, awe na mwajiri au amekimbia, awe ameolewa au hakuolewa, Katiba haikuweka masharti hayo. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Watoto hawa hawaji kwako kuomba uraia, Mheshimiwa. Wanaomba serikali yao iandike jambo ambalo tayari ni kweli.

Naomba unistahimili nieleze walivyofika hapo, kwa sababu nyumbani wasemwa vibaya na watu wasiojua.

Wengi wa mama hawa waliingia Saudia kihalali, kwa viza ya kazi za nyumbani, kupitia maajenti wenye ofisi na mabango mijini mwetu. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri mmoja. Mwajiri akizuia mshahara, akificha pasipoti au akiinua mkono, na binti akaamua kukimbia, hutosha mwajiri aripoti kwamba ametoroka. Kuanzia siku hiyo hana ruhusa ya kukaa, hana ruhusa ya kufanya kazi, na hawezi kuondoka nchini bila kibali cha kutoka. Mabadiliko ya sheria za kazi ambayo Saudi Arabia ilianza kuyatumia mwaka 2021 hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Waliokimbia, wao kwa wao, huitana kemboi. Hupanga chumba kimoja watu wengi, wakatafuta vibarua vya kufua na kusafisha, na wakajifunza kupita mbali na gari la polisi. Miaka ikapita. Kuna waliopendana na wahamiaji wenzao, na kuna waliobakwa katika nyumba walizozitumikia.

Mtoto akizaliwa, anakutana na milango miwili iliyofungwa. Kule uraia hufuata baba, na mtoto wa wageni wawili hapewi uraia kwa kuzaliwa pale tu. Hiyo ni sheria ya wenyewe, nasi hatuna cha kudai. Ugumu uko katika usajili: kuandikisha kizazi kunataka cheti cha ndoa, na kukutana kimwili nje ya ndoa ni kosa la jinai. Mama asiye na cheti hicho akienda hospitali kujifungua, aweza kutoka mikononi mwa mkunga akaingia mikononi mwa polisi. Ndiyo maana wengine hujifungulia vyumbani, wakisaidiwa na wenzao. Mtoto anapumua, ananyonya, analia, na hakuna daftari lolote duniani lenye jina lake.

Mlango wa pili ni wetu: mama anapogeuka kwetu, utaratibu wa kawaida wa kusajili kizazi cha nje huanza kwa kuulizia cheti cha nchi alikozaliwa mtoto. Cheti hicho ndicho alichonyimwa. Bila cheti hapati hati ya safari. Bila hati ya safari mtoto hapandi ndege. Na mama, hata akipata njia yake mwenyewe ya kurudi, atamwachia nani mwanawe?

Niruhusu nikuonyeshe nyumba moja tu. Jirani yangu ni nyanya wa mvulana wa miaka mitano aliyezaliwa Riyadh. Nyanya huyo ana mfuko wa nailoni ulioning'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake mna kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa cha binti yake, cheti cha mtihani wa darasa la nane, nakala ya pasipoti ambayo binti aliondoka nayo, na barua ya chifu yenye muhuri. Mgeni yeyote mwenye mkoba na miwani akiingia uani, mfuko huteremshwa. Jioni simu hulia, na mvulana huonekana kwenye kioo akiwa ameketi kitandani, kwa kuwa hakuna pengine pa kuketi. Husema Kiswahili safi cha kwetu, huhesabu mpaka 100, kisha humwomba nyanya ampeleke kuona feri. Mama mtu mzima yule hujifunga leso, akatembea mpaka panapoonekana kivuko, akaigeuza simu upande wa maji. Mtoto huuliza watu wale wote wanakwenda wapi. Wenzake wa rika lake hapa mtaani wamo katika shule ya chekechea. Yeye hajawahi kuketi darasani, wala hajachanjwa chanjo zote.

Mama yake alipokwenda katika ofisi moja kutafuta msaada, aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndipo asaidiwe kupata cheti cha kuzaliwa. Kisha akaulizwa, mbele ya watu waliopanga foleni, baba wa mtoto ni nani. Akaondoka, na hajarudi tena. Siitaji ofisi hiyo wala mtumishi aliyekuwa zamu, kwa kuwa sikuandika barua hii kumshtaki mtu. Natumai tu kwamba ukiyasikia utaona jinsi mwenye haki anavyoweza kurudishwa mlangoni na swali moja.

Haki isiposemwa nayo ni dhuluma, kwa hiyo naomba nitamke shukrani zetu waziwazi. Mwishoni mwa 2023 serikali ilituma maafisa Saudi Arabia kuwahudumia Wakenya waliokwama, na watoto wakachukuliwa sampuli za vinasaba ili ithibitishwe kwamba ni wana wa mama zao. Habari hizo zilipofika, Likoni kuna nyumba zilizopika pilau. Nia ilikuwa njema, na maafisa walifanya kazi katika nchi ya watu, katika mazingira magumu.

Lakini kipimo hicho kikifanywa ndiyo njia ya pekee, wengi watabaki nje. Sampuli zina gharama, zina safari ya maabara, na zinangoja zamu. Anayejificha Dammam au Abha haoni rahisi kusafiri mpaka mji mkuu bila ikama, amebeba mtoto, akipita vizuizi vya polisi. Mwaka 2025 vyombo vya habari vilionyesha mama wa Kiafrika, Wakenya miongoni mwao, wakilala na watoto kando ya kituo cha mafuta katika mtaa wa Manfuha mjini Riyadh, wakitumaini kukamatwa ili warudishwe makwao. Mheshimiwa, mtu anayetamani kukamatwa ili afike kwao amekwisha kujaribu milango mingine.

Naomba sasa nikueleze tulivyofanya kazi nyumbani. Mama aliyejifungulia kijijini Kinango hakuulizwa kipimo cha damu. Naibu wa chifu alimjua, mkunga alikuwepo, majirani walisikia vigelegele. Fomu ikajazwa, nasi tukaandika. Aliyechelewa zaidi ya miezi sita hakufukuzwa, kwani sheria ya vizazi na vifo ina njia ya usajili uliochelewa, na ada yake. Mama asiye na mume zamani alikabidhiwa cheti chenye alama za X mahali pa baba, mpaka mwaka 2016 Mahakama Kuu iliposema kwamba kifungu kilichomzuia mtoto wa nje ya ndoa kuandikiwa jina la baba yake kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo, hakuna mtoto aliyekosa cheti kwa sababu tu wazazi wake hawakuoana. Tuliamini neno la mama, tukalipima kwa mashahidi waliokuwapo.

Na Katiba yenyewe ina huruma kubwa zaidi ya hiyo. Mtoto akipatikana nchini mwetu akionekana kuwa chini ya miaka 8, na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Hatumjui mama, hatumjui baba, twasema: huyu ni wetu. Sasa nakusihi ulinganishe na mvulana yule wa Riyadh. Mama yake ana jina, ana nambari ya kitambulisho, alama za vidole vyake vyote kumi zimo katika mitambo ya serikali. Nyanya yake ana barua ya chifu. Haiwezekani ikawa yeye ndiye mwenye dai dhaifu zaidi kati ya hao wawili.

Najua kuna hofu, na ni hofu ya haki. Wako wanaofanya biashara ya watoto, na afisa anayetia sahihi bila kuuliza aweza kumkabidhi mwizi mtoto wa mwenzake. Hakuna karani mwaminifu anayelichukulia hilo kwa wepesi. Dawa yake ni kuuliza maswali yanayojibika. Alama za vidole za mama zilinganishwe na zilizo Nairobi. Chifu wa kwao aihoji familia: walijua lini kwamba ana mimba, walimwona mtoto kwenye simu akiwa na umri gani. Zitazamwe picha za wakati wa ujauzito na kadi ya kliniki ikiwapo. Aulizwe aliyemzalisha, ambaye mara nyingi ni Mkenya mwenzake wa chumba kile kile. Vikikubaliana, mtoto aandikwe. Visipokubaliana, hapo ndipo kipimo cha vinasaba kiitwe, nasi tutakuunga mkono.

Mheshimiwa, nchi yetu imekwisha kufanya lililo gumu kuliko hili. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani yetu, wakazaa na kuzika hapa bila vitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda kumwona Rais Nairobi, na baada ya safari hiyo wakatambuliwa kuwa raia. Washona wakafuatia, Desemba 2020. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakatambuliwa mwaka 2023. Wote hao walitokana na wazazi waliokuja kutoka nchi nyingine, wakakaa vizazi na vizazi bila hati, na serikali ikaona kwamba mtoto asilipishwe karatasi ambayo babu yake hakuwa nayo. Nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Watoto ninaokuandikia habari zao hawahitaji tangazo la Rais wala sheria mpya, kwa kuwa mama zao ni Wakenya wa asili.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba mambo manne.

La kwanza, uandike waraka mmoja kwa balozi zetu zote, ukisema kwamba mtoto wa mama Mkenya ni raia, na kwamba kukosa cheti cha nchi ya ugenini si sababu ya kumrudisha mlangoni. Waraka huo utaje vielelezo vingine vinavyokubalika, ili mama wa Jeddah na mama wa Muscat wapate jibu moja, bila kutegemea nani yuko zamu.

La pili, mama na mtoto wapewe hati za safari kwa pamoja, ndani ya muda unaojulikana. Jina la baba liandikwe pale linapopatikana kwa njia halali, na pasipo hilo shughuli isisimame. Maswali ya siri yaulizwe chumbani, na ikiwezekana yaulizwe na afisa mwanamke. Maafisa wa kuzunguka waliokwenda 2023 warudi kwa ratiba inayotangazwa, na wafike miji ambamo mama hawawezi kuondoka.

La tatu, uzungumze na ndugu zetu wa Saudi Arabia, kwa ule ustaarabu unaojulikana kuwa nao, ili mama mwenye mtoto mdogo aruhusiwe kutoka bila kufungwa na bila faini asizoweza kulipa. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 7 kinataka mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa. Pana mahali pa kuanzia mazungumzo bila kumvunjia mtu heshima.

La nne, wakishatua, safari yao isiishie uwanja wa ndege. Shule zetu huulizia nambari ya cheti cha kuzaliwa ili mwanafunzi aingizwe katika mfumo wa taifa wa kuwasajili wanafunzi na, baadaye, asajiliwe kwa mtihani wa kitaifa. Hati ya dharura ya safari haimfikishi huko. Wizara yako ikikubaliana na idara niliyoitumikia, mtoto aweza kupata cheti chake katika kaunti ya mama yake bila kuanza upya na maswali yale yale.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni zito kulisema mbele ya mkubwa. Nimesikia watu wazima wakisema mama hawa walijitakia, na kwamba kuwasaidia ni kufunza wengine tabia mbaya. Wahenga wetu walilimaliza suala hilo waliposema kitanda hakizai haramu. Katiba nayo, katika kifungu cha 27, imeikataza serikali kumbagua mtu kwa sababu ya kuzaliwa kwake au hali ya ndoa. Mama hawa ni wale wale tunaowasifu katika hotuba. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa fedha hizo. Karo zimelipwa kwa jasho lao, mabati yameezekwa. Hatukuuliza ikama zao zimekwisha lini tulipopokea fedha kwenye simu.

Nimeandika kirefu, naomba unisamehe. Mtumishi wa daftari huzoea kuandika mpaka ukurasa ujae. Tunajua mizigo uliyo nayo, na hatudhani kwamba yote yatatimia kwa siku moja. Waraka wa ombi la kwanza, hata hivyo, hauhitaji bajeti wala Bunge. Unahitaji sahihi yako. Shule hufunguliwa Januari, na tutakushukuru sana waraka huo ukitoka mapema, ili watakaowahi kufika waanze masomo pamoja na wenzao. Nyanya wa hapa Likoni wako tayari kuja Nairobi na mifuko yao ya karatasi siku yoyote utakayowaita, nami nitafuatana nao kuwasomea.



Wako mtiifu, kwa heshima zote,

Karani mstaafu wa usajili wa vizazi na vifo,
Likoni, Mombasa.